Ulifumuka, Ulifumuliwa

Kuna watu Mungu amewajalia kipaji kimoja tu: kuharibu kitu kizima, kisha wakaja kukiandikia historia. Mwenyekiti wa klabu ya tenisi alikuwa wa kundi hilo. Miaka ishirini baada ya Kombe la Ndani kufa, na yeye mwenyewe akiwa ndiye aliyelikaba koo, alikaa na kalamu yake ya wino akaandika kitabu cha kurasa themanini na nne kueleza jinsi lilivyoishi. Picha yake imo mara kumi na moja. Ya bingwa wa kwanza imo mara moja, tena nusu ya uso imefichwa na bega la Mwenyekiti.

Bi Mshono, fundi aliyeshona zulia la Kombe hilo, aliyaona maandishi hayo kabla hayajaenda kuchapwa. Katibu wa klabu, mwanamke mstaarabu aliyeajiriwa juzijuzi na asiyejua la mtu, alimletea karakanani kwake ili amsaidie kutambua sura za watu kwenye picha za zamani. Bi Mshono akavaa miwani, akatambua wawili watatu, akafungua ukurasa wa sabini na moja. Pale palikuwa pameandikwa: "Katika fainali ya mwaka wa kumi na nne, mshono wa zulia ulifumuka, mchezaji akaumia, na Kombe likafikia tamati."

Ulifumuka. Yaani wenyewe. Mshono uliamka asubuhi, ukajinyoosha, ukaamua kuachana na zulia.

Kwa mtu asiyeshika sindano, hilo ni neno kama maneno mengine. Kwa fundi ni tusi. Mshono uliofumuka ni mshono mbovu, na mshono mbovu una mwenyewe aliyeushona. Mshono uliofumuliwa ni habari nyingine kabisa: kuna mkono uliokata uzi, na kuna kinywa kilichoutuma mkono. Bi Mshono alimrudishia katibu makaratasi yake, akamwambia hataki sifa wala picha, anataka hilo neno moja libadilishwe kabla kitabu hakijachapwa. Katibu akasema hana uwezo huo, aende kwa Mwenyekiti mwenyewe. Na kitabu kinakwenda kuchapwa Ijumaa.

Sasa tuanze mwanzo, ingawa si kama Mwenyekiti, maana yeye kitabuni ameanza na babu yake.

Klabu ile ilikuwa na viwanja vitatu vya nje, na kila mashindano yalipopangwa, mvua ilikuwa ya kwanza kujiandikisha. Mwenyekiti, ambaye aliwahi kusafiri nje mara moja na hakumpa mtu nafasi ya kusahau, akaleta habari kwamba huko wenzetu wanacheza tenisi ndani, juu ya zulia. Basi ukakodishwa ukumbi wa maonyesho. Mwaka wa kwanza walijitokeza wachezaji wanane. Siku ya pili taa mbili zilikuwa zimeshapasuka kwa mipira ya juu, na mwamuzi akatunga kanuni papo hapo: mpira ukigonga taa, pointi irudiwe, ukivunja taa, wachezaji wapumzike mpaka fagio lije.

Zulia lilikuwa la kijani, limekwishatumika kwingine, na lilikuja likiwa kanda sita, kila mmoja mpana hatua nne na mrefu kuliko kumbi nyingi za harusi. Kuzibandika sakafuni kwa gundi haikuwezekana, kwa sababu ukumbi ulikuwa na kazi nyingine mwaka mzima. Ilibidi zishonwe pamoja kila mwaka, kisha zifumuliwe mashindano yakiisha. Wakatafuta fundi. Walikuja wanaume watatu, wote wakashona mishono inayoonekana kutoka mlangoni. Ndipo mtu mmoja akasema kuna mama anayeshona magodoro ya hospitali na mapazia ya jumba la maonyesho ya jukwaani, binti wa fundi magodoro, alizaliwa na sindano mkononi.

Akaja na sindano yake iliyopinda, wembe, na uzi aliousugua nta mwenyewe. Mshono mmoja ulimchukua siku nzima, amepiga magoti, na mishono ilikuwa mitano. Alipomaliza, mwamuzi alivua viatu akatembea juu ya zulia akiwa amefumba macho, akashindwa kusema ukanda mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Jina la Bi Mshono alilipata siku ile. Alilivaa kwa raha, tena kwa maringo, na haki yake.

Miaka ikaenda. Wachezaji wanane wakawa kumi na sita, kisha thelathini na mbili. Mpira juu ya lile zulia ulikuwa unateleza chini na kukimbia, na wenye mikono mizito walikuwa wanaondoka siku ya kwanza wakilalamika. Mwaka wa tisa shirikisho la nje likaliweka Kombe la Ndani katika kalenda yake, na mabingwa wa kweli wakaanza kuja. Hapo ndipo Mwenyekiti alipovimba kichwa. Akaanza kuamini kwamba watu wanakuja kumtazama yeye. Kila mwaka mgeni rasmi lazima awe mkubwa kuliko wa mwaka jana, na hotuba ndefu kuliko ya mwaka jana, wachezaji wamesimama na raketi zao wakipoa mwili.

Mwaka wa kumi na nne, asubuhi ya fainali, mtu mwenye midomo mirefu alimnong'oneza Mwenyekiti kwamba katika mji wa jirani mgeni rasmi huyohuyo alikanyaga zulia tangu mlango wa gari mpaka mlango wa ukumbi. Mwenyekiti akababaika. Hakuwa na zulia la kutandika nje. Akazunguka, akakuna kichwa, kisha akatazama uwanja, akaona analo la kutosha. Akaonyesha kidole ukanda wa sita, wa pembeni kabisa. Bi Mshono akamweleza taratibu kwamba ule hautoki, mchezaji akifuata mpira wa pembeni ndiko anakoishia. Mwenyekiti akacheka, akawageukia wanakamati ili wacheke naye.

"Mama, huo uko nje ya mistari," akasema. "Uwanja ni ndani ya mistari. Nje ya mistari ni mapambo tu."

Jamani! Mtu ameongoza mashindano ya tenisi miaka kumi na minne, na bado anadhani mchezaji akifika kwenye mstari huwa anageuka kama basi lililofika kituoni. Lakini ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Nusu saa baadaye ukanda wa sita ulikuwa umefumuliwa, umekunjwa, umebebwa na wanaume wanane mpaka nje. Mgeni rasmi akateremka, akaukanyaga, nyuma yake watu hamsini wakaukanyaga, na mvua, ambayo haikuwahi kukosa mwaliko, ikaja nayo. Ukarudishwa ndani umelowa, una matope, na ukingo wake umejikunja. Bi Mshono alipewa dakika hamsini kwa kazi ya siku nzima. Alishikiza hapa na pale kwa nyuzi za mbali mbali, hotuba ikiendelea juu ya kichwa chake.

Seti ya pili bingwa mtetezi alikimbilia mpira wa pembeni. Ncha ya kiatu ikaingia kwenye upenyo. Goti lilitoa mlio uliosikika hadi viti vya nyuma, na yule kijana alikaa tu analitazama goti lake. Walimtoa kwa machela. Mwezi haukupita, barua ya shirikisho ikaja: Kombe limeondolewa kwenye kalenda. Wafadhili wakapotea mmoja mmoja. Mwenyekiti akaitisha waandishi wa habari, uso ameukunja kwa huzuni, akawaambia kwamba kwa bahati mbaya mshono ulifumuka.

Neno likatoka gazetini likaingia mtaani. Bi Mshono akaitwa Mama Fumuka. Hospitali ikapeleka magodoro kwingine, jumba la jukwaani likaona mapazia yake yanahitaji mtu makini zaidi. Miaka saba alishona magunia kwenye bohari, kazi ambayo hata kipofu angeifanya, na binti yake akasoma shule akiitwa mtoto wa Fumuka. Binti alipokua wakafungua karakana yao ndogo, lakini bado wateja wazee walikuwa wanauvuta mshono kwa vidole viwili kabla hawajaondoka. Kwa hiyo usiniambie neno ni neno tu.

Alhamisi akaenda ofisini kwa Mwenyekiti. Mlangoni palikuwa na kipande cha zulia la kijani cha kufutia viatu, na fundi haulizi zulia lake limetoka wapi. Alikiruka. Mwenyekiti, sasa mzee mwenye kitambi na kifaa cha kusikilizia sikioni, alimkaribisha kwa bashasha, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: yeye ni nguzo ya Kombe, bila yeye kusingekuwa na Kombe. Bi Mshono akamwacha amalize, akaweka kidole juu ya neno lake na kumwambia libadilishwe liwe "ulifumuliwa".

"Ala! Umetoka huko kote kwa ajili ya sarufi?"

"Kwa ajili ya miaka ishirini, mzee."

Mwenyekiti akamtazama kidogo. Kisha akatabasamu, akachukua kalamu, akakata neno na kuandika jingine juu yake, fundi akitazama. Bi Mshono alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Binti yake hakufurahi. Alisema mzee yule hajawahi kukubali jambo upesi hivyo maishani mwake, na mama akamwambia aache roho mbaya.

Siku ya uzinduzi ilikuwa katika ukumbi uleule, sakafu tupu, viti vya kukodi. Bi Mshono alivaa gauni lake zuri na kukaa mstari wa pili na binti yake. Vitabu vilikuwa vimepangwa juu ya meza kando. Mwenyekiti alipopanda jukwaani na kuanza na babu yake, Bi Mshono akafungua ukurasa wa sabini na moja.

"Mshono wa zulia ulifumuliwa na fundi, mchezaji akaumia, na Kombe likafikia tamati."

Na fundi. Mwenyekiti alimwongezea maneno mawili, bure, bila kuombwa. Binti akainuka kwenda kumpokonya kipaza sauti, na mama akamvuta gauni akaketi. Binti akasema atamfungulia mzee yule mashtaka, atamwita mwongo mbele ya watu wote.

"Si mwongo," Bi Mshono akasema. "Nilifumua mimi."

Binti akamgeukia. Miaka yote hadithi ilikuwa ni "walifumua", na yeye hakuwahi kuuliza ni akina nani. Sasa mama yake akamwambia, kwa sauti ya chini na bila kujitetea, kwamba asubuhi ile wanaume walitaka kuuchana ukanda kwa kisu cha jikoni, akaona wataliharibu zulia, akatoa wembe wake mwenyewe. Alijua kitakachotokea. Alijua hata ni upande gani. Mwenyekiti aliposema fumua, yeye alisema sawa mzee, kwa sababu alikuwa Bi Mshono na alitaka mwakani aitwe tena. Kila alipomcheka Mwenyekiti kwa ujinga wake, miaka ishirini, alikuwa anajua kwamba yule hakujua na yeye alijua. Hilo lilimchoma kuliko Mama Fumuka zote za mtaani, na hakuwahi kulisema hata kwa mto wake wa kulalia.

Akatoa kalamu ya wino kwenye mkoba. Baada ya neno "fundi" palikuwa na nafasi pembeni ya ukurasa, naye akaandika: "kwa amri ya Mwenyekiti. Nami nilijua, nikakubali." Akaitazama kazi yake. Akainuka, akaenda kwenye meza ya vitabu, akavuta kiti, akafungua cha kwanza na kuandika vilevile. Kisha cha pili. Katibu aliyekuwa amesimama pale alisoma juu ya bega lake, akafikiri kidogo, halafu akaanza kumfungulia vitabu kwenye ukurasa ule ili kazi iende haraka.

Mzee mmoja aliyekuwa amechoshwa na hotuba akaona mtu anaandika vitabuni, akadhani ndiyo meza ya kutiwa saini, akapanga foleni na kitabu chake. Nyuma yake akasimama mwingine. Watu ni watu, wakiona foleni wanaingia kwanza, maswali baadaye. Mwenyekiti toka jukwaani akaona viti vinapungua na watu wanajaa mezani kwa fundi, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba hii inaonyesha jinsi klabu inavyowathamini hata watu wa chini. Waliokwisha kuandikiwa walikuwa wanasoma kimya na kupeana viwiko.

Mwenyekiti alipomaliza hotuba alishuka na mpiga picha wake, akawapita wote kwenye foleni, akaweka nakala yake mezani, ile yenye jalada gumu. Akashika bega la Bi Mshono na kuitazama kamera.

"Andika vizuri, mama. Hiki kinakwenda kukaa ofisini."

Bi Mshono akafungua ukurasa wa sabini na moja. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akaupuliza wino ukauke, akakigeuza kitabu kimwelekee.

"Soma, mzee," akasema. "Sasa tumo wote wawili."