Bunduki ya baba, majirani wenye upendo na sheria zisizotulia

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka nchi ya majani chai. Haya yametupata sisi wenyewe. Nikiongeza chumvi, ni ile ya kuonja tu.

Baba yangu ana shotgun ya leseni tangu nikiwa mtoto.

Shamba letu liko Bomet, linapakana na msitu. Chai nyani hawagusi. Lakini mahindi? Wanakuja kama mkutano wa siasa, wazee wao wamekaa mbele.

Mzee anapiga risasi moja juu, nyani wanahamia Tanzania. Leseni ikiisha ana-renew. Maisha yanaendelea.

Sasa sheria zikaanza kubadilika.

Kwanza, kila mwenye bunduki akaguliwe upya. Sawa.

Halafu leseni ya zamani haitambuliki, ni kadi mpya. Sawa.

Tukapeleka barua ya daktari. Tukaambiwa hapana, sasa ni daktari wa akili!

Mzee akaniuliza, "Wewe uliyesoma masomo ya jioni, nikitoka huko nikiwa mzima, watabadilisha tena?"

Nikamwambia, "Baba, ukitoka huko mzima, mimi ndiye nitaingia."

Akapita huko pia. Ikabaki interview Kericho, aeleze bunduki ni ya nini.

Hapa ndipo tuliharibu. Kwetu mtu haendi ofisi ya serikali peke yake kama hana watu. Majirani wakavaa suti za kanisa, pickup ikajaa, tukamsindikiza mzee wetu na bunduki yake ya kukaguliwa.

Officer alikuwa mpole kabisa. "Mzee, hii silaha inalinda nini?"

Kabla baba afungue mdomo, Mama Chebet, jirani yetu wa chini, akasimama.

"Officer, usimsumbue boiyot, huyu mzee wetu. Hiyo bunduki ni yetu sisi wote. Hata mzee alipolazwa hospitali ya Kaplong, bwanangu ndiye alikuwa anaitumia."

Majirani wote: "Kweli kabisa!"

Officer akaweka kalamu chini polepole. "Mama, rudia hapo."

Na akarudia, wakuu! Kwa sauti ya kwaya!

Bunduki ikabaki huko huko, uchunguzi ufanywe. Nikajaribu kutetea, nikasema sheria zinabadilika kila siku, mwananchi atajuaje?

Officer akaniangalia kwa huruma. "Kijana, bunduki ya mtu haiazimwi. Hiyo moja haijawahi kubadilika."

Nikaanza kuwarudisha majirani kwenye pickup.

Mama Chebet ameleta mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ya kuomba msamaha. Baba amekunywa yote, lakini msamaha bado.

Funzo langu: tulikimbizana na sheria mpya mpaka tukasahau ile ya zamani. Na ukienda interview, upendo wa majirani uache nyumbani.

Kama kuna mwenye bunduki hapa aliyewahi kurudishiwa, aseme alifanyaje. Ila aharakishe.

Asubuhi hii nimempata mzee katikati ya mahindi, amemlenga nyani mmoja mkubwa kwa fimbo yake ya kutembelea.

Nyani akamwangalia, akamaliza hindi lake, akavunja lingine.