Laini Iliyofufuka Gede

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Laini alinisimamisha chini ya nguzo moja hapa Malindi, akaniuliza umeme unatoka wapi. Nikamwonyesha upande wa kituo kikubwa.

"Vyema," akasema. "Basi ukishakata upande ule, huku kote ni kamba ya kuanikia nguo."

Kwa miaka mingi maneno yake yalikuwa kweli. Nilihudumu Vitengeni, kisha Ganze, ambako nyaya ni ndefu na nyumba ni chache, na fundi hutembea mchana kutwa akitafuta tawi moja lililoangukia laini. Kote huko umeme ulikuja kwa njia moja.

Uhamisho wa mwisho ulinileta karibu na Gede, nikakuta mambo yamegeuka. Kampuni moja ilikuwa imeleta mabasi ya umeme. Nyinyi vijana mwayajua: basi huchomekwa likajaza betri mchana, kisha kuanzia alasiri, watu wakianza kuwasha pasi na taa, lile lililoegeshwa hurudisha sehemu ya umeme huo kwenye laini ili mji usizidiwe. Kazi hiyo hufanywa na inverta, kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Laini ikikatika, inverta yatakiwa ijizime yenyewe.

Alasiri moja baada ya mvua, kuti la mnazi liliangusha waya. Nilikwenda na mwenzangu Kazungu, mtu mpole aliyependa kuimba akiwa juu ya nguzo. Tulikata swichi, nikapima: laini imekufa. Kazungu akapanda na waya wa ardhi, ule tunaofungia laini ili umeme ukirudi upotelee mchangani.

Alipokatiza wimbo wake ili aufunge, kulikuwa kimya. Hakuna kinu, hakuna redio. Mbele yangu palikuwa na nyumba iliyofungwa, wenyewe walihama zamani, mlango umejaa utando wa buibui. Nikaona taa ya barazani inawaka. Ilianza nyekundu, hafifu, ikapanda polepole mpaka ikawa nyeupe.

"Kazungu! Usishike!"

"Kuna nini, kaka?"

"Laini ina umeme."

"Si umeipima?"

"Nimeipima. Ilikuwa imekufa."

Mkono wake, aliouvua glavu ili akaze skrubu, ulibaki hewani. Baadaye aliniambia alisikia waya ukivuma kwa sauti ya chini, kama mtu anayemalizia ule wimbo aliouacha yeye.

Tuliifuata laini mpaka maegesho ya mabasi. Yote yalikuwa safarini isipokuwa moja, tairi zimezama mchangani, kebo ingali imechomekwa, taa ya kijani inapepesa.

"Nani ameliwasha hili?" nikamuuliza mlinzi.

"Hakuna. Ni la marehemu Bakari, dereva. Tangu tumzike hakuna aliyelipanda. Lakini kila alasiri huvuma. Sisi twalipita mbali."

Nikaing'oa kebo. Mvumo ukakoma, na mlinzi akamwombea marehemu rehema.

Fundi Mkuu alipolifungua alikuta kifaa cha kujizima kimeingia maji. Ratiba ilikuwa ileile aliyoiweka Bakari: kujaza mchana, kutoa alasiri, na saa hiyo ilifika nilipokwisha kupima. "Limefanya lililofunzwa," akasema. Lakini niliona hakutaka kuliegemea.

Tangu hapo kila maegesho yakawekewa swichi ukutani, ambayo fundi huifunga kwa kufuli yake kabla ya kupanda. Kazungu hakupanda tena. Alirudi kwao Vitengeni kulima.

Mimi nimestaafu, naishi Mambrui. Mkwe wangu ana gari la umeme. Jioni gari hilo huulisha mtaa umeme, na friji ya chanjo ya zahanati yetu haizimiki. Ni kazi njema, nami naiombea heri.

Idi iliyopita Kazungu alinitembelea. Tulikuwa twanywa kahawa uani gari lilipoanza kuvuma. Akanyanyuka, akahamishia kiti chake upande wa pili.

"Liko kazini tu, ndugu yangu," nikamwambia.

"Najua," akajibu. "Hata la Bakari lilikuwa kazini."