Waya wa Tusekile Bado Uko Ukutani

Ukimuuliza Mzee Andongwisye, muuza ndizi wa Bulyaga, atakwambia kiwanda cha chai kiliponea chupuchupu kuteketea Jumatano iliyopita, na kwamba mwenye kosa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Moshi niliuona kwa macho yangu haya," anasimulia huku akipanga vichane juu ya turubai. "Watu wametoka mbio na aproni zao. Yule binti kafunga waya wa kompyuta kwenye mashine. Sasa mashine ya chai na kompyuta, wapi na wapi?"

"Yule binti" ni Tusekile Mwaijande, mwenye umri wa miaka 31. Kwamba moshi ulikuwepo, hakatai. Mengine yote anayakataa.

Saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai, Tusekile yuko juu ya ngazi ndani ya kiwanda hicho kidogo, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Vidole vyake vinapita taratibu juu ya waya mwembamba wa kijivu, kama mtu anayepapasa mguu wa ndama aliyeteguka. Chini yake feni sita za kunyaushia majani zinavuma.

"Wanasema nimeweka waya rahisi," anasema bila kugeuka. "Ni rahisi, ndiyo. Urahisi una kosa gani? Kosa ni waya unaosema uongo. Huu hausemi uongo."

Kila feni inazunguka juu ya beringi. Grisi ikikauka, beringi inachemka, feni inakwama, na majani yaliyotandazwa yanaanza kuharibika. Kwa miaka mingi ugonjwa huo uligunduliwa kwa mkono. Fundi alipita, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha beringi na kuhesabu mpaka tano.

"Ukiutoa mkono kabla ya tano, feni inaumwa. Mzee Lwitiko alinifundisha hivyo kabla hajastaafu," anasema.

Mwaka jana kiwanda kilinunua vipimajoto sita vya kubandika kwenye beringi, pamoja na kioo cha kuonyesha namba katika chumba cha mafundi. Fedha zikaishia hapo. Waya uliopendekezwa uliuzwa shilingi 7,500 kwa mita, na zilihitajika mita 240. Vipimajoto vikakaa kwenye boksi miezi minne.

Tusekile, aliyeishia darasa la saba kwao Kawetele, aliingia kiwandani miaka tisa iliyopita kufagia majani. Leo ni msaidizi wa fundi umeme. Aliomba ruhusa ya kutafuta waya mwingine. Kwa pesa yake mwenyewe akanunua vipande vitatu, mita kumi kila kimoja: waya wa spika, waya wa simu, na ule wa kompyuta wenye karatasi ya fedha ndani. Akavining'iniza kimoja baada ya kingine kando ya feni, na kumwomba Prisca, anayeangalia majani, amsomee namba.

"Wa spika ulicheza ngoma," Prisca anakumbuka. "Feni ikiwashwa, namba inaruka arobaini mpaka sabini, inarudi. Nikamuuliza, dada, hii feni ina homa au ina mapepo? Wa simu ukayumba kidogo. Wa kompyuta ukakaa palepale."

Tusekile anamenya ncha ya kipande kilichobaki. Ndani, nyuzi zimesokotwa mbilimbili.

"Habari ya kipimajoto ni ndogo, kama mtu anayenong'ona. Waya wa mota ya feni uko pembeni unapiga makelele. Nyuzi zikisokotwa, makelele yanazigusa zote mbili sawasawa, yanajifuta. Hii karatasi nayo inakinga, ila uiunganishe na ardhi, upande mmoja tu."

Waya huo ni shilingi 1,300 kwa mita. Meneja akakubali.

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha wakatangazwa wageni wa ukaguzi, na agizo likatoka: ukuta uwe nadhifu. Nyaya zote zikakusanywa kwenye fungu moja, za mota na za vipimajoto, zikakazwa pamoja kwa kamba. Aliyezikaza ni Tusekile mwenyewe.

Kesho yake feni namba tano ikasoma tisini. Akaizima. Beringi ilipoguswa ilikuwa baridi. Wageni walikuwa wamesimama palepale.

"Hilo ni langu," anasema. "Nilijua, na bado nikafunga kwa sababu nimeambiwa. Sifungi tena kitu ninachojua ni kosa."

Siku hiyohiyo alihamishia nyaya zake kwenye ukuta wa pili, juu ya vipande vya mwanzi alivyochonga nyumbani, mbali na waya wowote wa mota. Namba zikatulia. Imani ya watu haikurudi.

Ndipo ikaja Jumatano. Feni namba nne ikapanda kutoka 58 hadi 88. Akaizima. Fundi mkuu, Emmanuel, akaja na kuiwasha.

"Nilimwambia, waya wako umeanza tena hadithi zake," Emmanuel anakiri. "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Waya huo ulishatuaibisha mbele ya wageni. Kiwanda si sebule ya kuvuta intaneti."

Nusu saa baadaye grisi ya namba nne ikaungua. Huo ndio moshi alioushuhudia Mzee Andongwisye kutoka getini.

Tangu siku hiyo Tusekile amekatazwa kugusa swichi. Agizo la pili ni kwamba nyaya zake zing'olewe leo mchana, mpaka atakapokuja fundi kutoka Mbeya. Jana aliandika barua kwenye karatasi ya daftari, akiomba ziachwe hadi mtu huyo afike azipime. Meneja aliipokea, akaiweka mfukoni.

"Wakizitoa, tunarudi kwenye mikono. Mimi siidharau mikono, ndiyo shule yangu. Lakini feni sita, mtu mmoja, utagusa ngapi kwa wakati mmoja?"

Hata hivyo, bado anapanga ya mbele. Ana mita arobaini kwenye boksi, na anataka zifike kwenye kikaushio. Njia ameshaipima kwa hatua.

"Mimi napima," anasema. "Wanaong'oa wang'oe. Nitakuwa nimeshapima."

Saa sita na nusu Emmanuel anaingia na koleo ya kukatia waya mkononi. Anaisogeza ngazi.

"Shika ngazi, dada."

"Sishiki."

"Tusekile, usinichoshe. Si mimi niliyeagiza."

"Najua. Ndiyo maana sikutukani. Ila ngazi sishiki."

Wanawake wanaotandaza majani wanaacha kutandaza. Mmoja anaguna, "Leo ipo." Emmanuel anapanda peke yake, mguu mmoja baada ya mwingine.

Kutoka chumba cha mafundi, Prisca anachungulia na kusema feni namba mbili inasoma sabini na moja. Asubuhi ilisoma hamsini na mbili.

"Mmesikia?" Emmanuel anawauliza wanawake. "Hadithi."

Tusekile anasogea mpaka chini ya ngazi. Hapandishi sauti.

"Kaka Emmanuel, namba mbili iko hapo kwenye goti lako. Kabla hujakata, weka mkono juu ya beringi. Hesabu mpaka tano, kwa sauti, na hawa wasikie."

Emmanuel anautazama mkono wake wa kulia, wenye koleo. Anautazama wa kushoto, mtupu. Feni zinavuma.

"Sabini na tatu," anasema Prisca.