Familia Moja kwa Nyumba Moja

Haradali ikianza kupasuka kwenye mafuta ya nazi, popote nilipo, hunijia tena wote waliokuwepo siku ile: mimi, mdogo wangu Salim, Zulekha wetu wa mwisho, Anti Lissy aliyekuwa jikoni akiikaanga, na mkaguzi wa nyumba ambaye jina lake hatukulijua. Baba na Anko Thomas walikuwa kazini.

Sisi ni Wahindi wa Tanga. Mama alipofariki, Baba alipata kazi ya ufundi wa viyoyozi Dubai akatubeba sote watatu, maana hakutaka tugawanywe kwa ndugu kama vyombo vya marehemu. Kampuni yake ilikuwa na kambi ya wanaume tu, hivyo tukapanga nusu ya chumba kikubwa mtaa wa Al Muraqqabat. Nusu ya pili, ng'ambo ya ubao mwembamba, waliishi Anti Lissy na mumewe, Wahindi wa Kerala waliofunga ndoa mwaka ule ule. Nyumba ilikuwa kwa jina lao. Sheria ilitaka familia moja kwa nyumba moja, kwa hiyo hatukuwahi kutulia. Nguo zetu zilikaa ndani ya masanduku, na kila kengele ya mlango ilitukurupusha.

Tulikuwa tumefundishwa. Kengele ikilia, Salim anaficha viatu vya Baba, mimi nasukuma jiko letu kabatini, Zulekha anakwenda kushika nguo ya Anti Lissy na kumwita mama. Kwake ulikuwa mchezo.

Siku ile mkaguzi aliingia na kanzu yake nyeupe, akasalimia kwa Kiarabu, akaugonga ubao kwa kidole. Anti Lissy akamwambia kwa Kiingereza kwamba hawa ni wanawe. Mkaguzi akamtazama, bibi harusi wa juzi, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimeshamzidi Anti Lissy urefu. Hapo Zulekha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, lugha tuliyoiamini kama chumba chenye kufuli:

"Dada, nimwite mama sasa hivi au nisubiri aniulize?"

"Mwite sasa hivi," mkaguzi akajibu kwa Kiunguja safi, "nami nisikie."

Hakuna aliyetuambia kwamba mji ule umejaa watu waliolelewa na bibi wa Kiunguja.

"Na mamako hasa yuko wapi, mwanangu?"

"Tanga. Kaburini," akasema Zulekha.

Mkaguzi akanigeukia. "Wiki ijayo nitapita tena," akaniambia. "Ubao nisiuone, wala pazia. Nataka nione familia moja. Umefahamu, bibie?"

Nilifahamu kwamba tumefukuzwa. Baba naye, aliporudi jioni nikamweleza yeye na Anti Lissy, alifahamu hivyo hivyo. Alianza kufunga masanduku huku akitugawa kwa sauti: Salim kwa shangazi mkubwa, Zulekha kwa shangazi mdogo, mimi kwa bibi Pangani. Salim akaangua kilio.

"Bhai, unawapeleka wapi?" Anti Lissy aliuliza kwa Kihindi cha kuungaunga.

"Nyumbani. Nyinyi wenyewe ndoa yenu changa. Haifai."

"Wewe nenda kambini. Ijumaa njoo ule. Watoto wanabaki." Akamgeukia mumewe. "Thomas, shika upande ule wa ubao."

Anko Thomas alikuna kichwa. "Nimeoa juzi, leo nina watoto watatu. Mama yangu atasema nilikuwa namficha wajukuu."

"Yalla, shika!"

Ubao ukatoka na vumbi lake lote. Mkaguzi aliporudi, alichungulia akiwa mlangoni, akasema mashallah, akaenda zake.

Baba alifariki ghafla kule kambini mwaka uliofuata. Tuliendelea kukaa kwa Anti Lissy mpaka vibali vyetu vilipokwisha, kisha tukarudi Tanga, sote watatu, mkono kwa mkono. Niliacha shule nikashona nguo, wadogo zangu wakasoma, na hakuna aliyetugawa tena.

Wakati ule nilifurahia tu dirisha, lililokuwa upande wao. Ubao ulipoondoka tulipata mwanga, nikadhani zawadi yenyewe ndiyo hiyo. Mpaka nilipoolewa, nikafunga mlango wa chumba changu mwenyewe, ndipo nilipokaa kitandani nikawafikiria wale wawili, maharusi, wakilala na watoto wa watu pembeni yao bila hata pazia, na asubuhi wakituamkia kwa utani.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka mmoja baada ya sisi kuondoka. Ile miaka ya kabla yake, ya ndoa yao changa, ninayo mimi, na bado sijui nitairudishaje kwao Kerala.