Uyoga Kwenye Grupu la Familia

Ipo siku moja naikumbuka kila mvua zikianza, mwanangu. Nilikuwa msichana mdogo, bado tunaishi kijijini nje ya Tabora, na bibi yangu alikuwa ametupeleka porini kutafuta uyoga, mimi na binamu zangu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu. Uyoga wa huku ni mtamu hauna mfano, lakini upo unaoua nyumba nzima, na ukiutazama juu juu huwezi kuutofautisha na ule mzuri.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Tukishachuma tunakaa duara, uyoga mmoja unapitishwa mkono kwa mkono, na kila msichana anasema alichokiona: rangi ya chini ya kofia, harufu, mguu, na ulikuwa umekaaje ardhini. Mdogo kuliko wote anaanza, Bibi anasema mwisho. Siku hiyo binamu yangu mkubwa, mjuaji kweli kweli, akaropoka kabla ya zamu yake kwamba unalika. Basi sisi wengine wote tukaimba hivyo hivyo, unalika, unalika. Bibi akautupilia mbali ule uyoga, akatugeukia.

"Nimewauliza mmeona nini," akasema. "Sijawauliza mwenzenu kasema nini. Mkifuatana hivi, mimi nimebaki na macho ya mtu mmoja tu."

Na kumbe ulikuwa unalika! Tulimnunia njia nzima. Uyoga mzuri vile, unatupwa hivi hivi! Sikumwelewa mpaka nimekuwa bibi mwenyewe.

Sasa naishi Kanyenye, hapa Tabora mjini, na wajukuu wametawanyika, huyu Mwanza, yule Dodoma, mwingine Urambo. Nitawapeleka porini vipi? Wakaniingiza kwenye grupu la familia kwenye simu. Usinicheke, mwanzoni nilikataa katakata, na leo wananiambia Bibi punguza. Natuma sauti, natuma picha za mboga za porini, nawaeleza ipi inachemshwa mara mbili na ipi inataka karanga. Nafurahi, sitaki kusema uongo. Nilidhani mambo haya nitazikwa nayo.

Ila mwaka jana tuliponea chupuchupu. Kabula, mjukuu wangu aliyeolewa Urambo, alitembelewa na mama mkwe kwa mara ya kwanza. Akataka kumwonyesha kwamba si mtu wa kununua kila kitu sokoni. Akachuma uyoga mwenyewe, akatuma picha ya beseni limejaa: "Shikamooni. Jamani, huu unalika? Mama mkwe amefika." Mdogo wangu Zuhura, anayeishi Mtendeni, mjini hapa hapa, akajibu papo hapo: "Unalika huo, ndio wenyewe wa kichuguu. Pika, mjukuu wangu."

Basi, si unajua sisi na heshima zetu? Bibi mdogo akishasema, nani atafungua mdomo? Vidole gumba vikamiminika, na mioyo, na maua. Mimi nilikuwa uani napepeta mchele, simu iko ndani kwenye chaji.

Ikaita, nikaenda kupokea. Alikuwa Tatu, mjukuu wangu wa Dodoma aliyeko sekondari, sauti ya chini utadhani anaiba.

"Shikamoo Bibi. Usinikasirikie. Bibi mdogo kasema unalika, lakini mbona kwenye picha hakuna miguu? Dada Kabula kaukata wote."

Uyoga usio na mguu utautambuaje! Nikampigia Kabula simu ya video. Akapokea anatabasamu, sufuria iko motoni, mama mkwe nyuma yake anatwanga karanga.

"Epua!"

"Bibi, shika..."

"Marahaba, epua kwanza!"

Nikamwambia arudi alikochumia, achimbe, asikate. Akatoka na simu mkononi mpaka pembeni mwa shamba la tumbaku, akapata mmoja uliobaki, akachimbua kwa kijiti huku namtazama. Ule aliouwaza Zuhura una mzizi mrefu unaozama ndani ya kichuguu. Huu haukuwa na kichuguu wala mzizi. Ulikaa ndani ya kikombe cheupe, mfano wa ganda la yai lililopasuka, na hiyo ndiyo alama ya ule unaoua. Kabula aliketi chini palepale.

"Bibi," akasema, "watoto walikuwa wameshanawa mikono."

Wakauzika wote. Wakala ugali na kisamvu, na mama mkwe akachukua simu akaniambia mkwe anayeuliza kabla ya kupika ndiye anayemtaka. Zuhura je? Alilia, maskini. Nilimwambia nyamaza, mdogo wangu, kosa si lako peke yako, ni letu sote tuliolifanya grupu kuwa mahali pa kupiga makofi.

Kwa hiyo nikaurudisha utaratibu wa zamani. Picha ikitumwa, mdogo anaanza, na kila mtu anatuma sauti aseme alichokiona yeye. Vidole gumba marufuku. Wazee tunasema mwisho, na uyoga haupikwi mpaka mwenyeji anayeujua aushike kwa mkono wake. Wavulana nao wamo, na enzi zetu hawakuitwa kabisa kwenye duara lile! Yupo mmoja wa Mwanza anauliza maswali mpaka najificha. Angekuwepo bibi yangu angecheka.

Mwanangu, jifunze kwa simu, sikukatazi; imenipa wanafunzi ambao miguu yangu isingewafikia. Lakini wengi wakikubali jambo, usidhani wameliona wote. Uliza nani aliyeangalia. Na wewe ukiona kitu ambacho mkubwa hakukiona, kumnyamazia si kumheshimu. Tatu aliogopa, na bado akapiga. Leo Kabula ana watoto, na Zuhura anaweza kuwatazama machoni, kwa sababu binti mmoja alikubali kuonekana hana adabu.

Mungu akupe ulimi mpole usio na woga, na kila utakapousema ukweli akupe mkubwa wa kukupokelea. Amina.