Kambi ya Uani

Kamba ya mtumbwi ikiloa maji ya ziwa, kisha ikaanikwa juani, hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine. Ina dagaa ndani yake, ina lami, na ina kitu kama majani yaliyolala chini ya maji muda mrefu. Juzi nilikuwa bandarini Kibirizi kumpokea mgeni, kijana mmoja akanipita amebeba kamba begani. Nikakaa juu ya gunia la mtu. Mwenye gunia akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamjibu siumwi. Ningemwambiaje kwamba nimerudi uani kwetu Ujiji, nina miaka tisa, na dada yangu Zuhura ananifundisha kufunga fundo?

Nyumba yetu ilikuwa ndani sana, kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa kuombana radhi na kuta. Baba alikuwa mvuvi, mwenye mtumbwi mmoja na sauti ya kutosha mitumbwi kumi. Mama alikuwa mshonaji. Watoto tulikuwa watatu: Zuhura, aliyesoma sekondari ya bweni, mimi Asha, na Idi, kitindamimba, ambaye hata darasa la kwanza alikuwa hajaanza.

Zuhura alikuwa skauti kwelikweli. Akirudi likizo, kitu cha kwanza kutoka sandukuni na kupigwa pasi kilikuwa skafu, nguo nyingine baadaye. Mimi nami nilikuwa nimejiunga shuleni kwetu mwaka ule, na likizo ya Juni tulikuwa twende kambini Kalinzi, huko juu kwenye mibuni na baridi, Zuhura akiwa kiongozi wa kundi letu. Nilishawatambia watoto wa mtaa mzima. Niliwaambia nitalala hemani na nitapika chakula bila jiko, wakaniangalia kama mtu anayesafiri kwenda Ulaya.

Kisha Mama akarudishwa kutoka hospitali, Mwanza. Aliondoka akitembea, akarudi ameshikwa huku na huku. Watu wazima walisema, "Madaktari wamemwambia akapumzike nyumbani," nami nikafurahi, maana kwa akili yangu mtu anayeambiwa akapumzike ni mtu aliyekwisha kupona.

Jioni ile Baba alituambia kambi mwaka huu basi. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Zuhura hakulia. Alisimama mlangoni, mgongo kwetu, akitazama uani ambako hapakuwa na kitu ila mpapai, kamba ya kuanikia nguo na beseni. Alipogeuka akaniambia, "Nyamaza, Asha. Kambi itakuja hapahapa."

Na kweli ilikuja. Asubuhi tuliamka tukakuta turubai la Baba limefungwa kati ya mpapai na ukuta, limekuwa hema. Mafiga matatu yamepangwa. Kamba za mtumbwi zimekatwa vipande vya kufanyia mazoezi. Zuhura alikuwa amevaa sare kamili, filimbi shingoni, akatusimamisha mstarini mimi na Idi, jeshi la watu wawili, mmoja akiwa na kamasi. Tukaapa ahadi ya skauti. Idi alipofika kwenye maneno magumu akawa anatikisa midomo tu, kama wakubwa wanavyofanya msikitini wasipoijua dua.

Tulifundishwa kusalimiana kwa mkono wa kushoto, kama maskauti wanavyofanya. Matatizo yakaanza hapo. Jirani yetu Bi Tausi, Muha wa Kalinzi aliyeolewa Ujiji, alipokuja kumjulia hali Mama, Idi alimpa shikamoo vizuri kabisa kisha akamnyooshea mkono wa kushoto. Bi Tausi aliruka nyuma. "Mwana wanje! Mwanangu, nani kakufundisha adabu hizi?" Kutoka chumbani, kupitia dirisha lililotazama uani, tukasikia Mama anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa chembamba, kikakatika katikati, lakini kilikuwa chake. Zuhura alisimama akikisikiliza mpaka kikaisha.

Dirisha lile lilikuwa ndilo jukwaa la mkaguzi mkuu. Kila alasiri Mama alikuwa akiinuliwa kwa mito, nasi tukipita mbele yake kwa gwaride. "Skauti wangu, mmekula?" aliuliza. Tukajibu kwa pamoja, "Tumekula, Afande!" Ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese, tumepika wenyewe, nusu umeungua. Siku za mwanzo Mama alitushonea beji kwa vitambaa alivyobakiza kwenye kazi zake. Yangu ya fundo ilikuwa nyekundu. Baadaye beji zikaanza kuja na mshono mrefu mrefu, wa kupindapinda, nikajua ni Zuhura anayeshona. Niliona labda Mama amechoka kukaa.

Kulikuwa na mchezo wa kunyata: unavuka ua kutoka hemani hadi jikoni bila kusikika hata na kuku, na atakayetoa sauti anarudi mwanzo. Tuliucheza kila adhuhuri, wakati Mama anapolala. Kulikuwa pia na nyimbo za kambi, ambazo Zuhura alizianzisha ghafla tu, pengine katikati ya kuosha vyombo, na alitaka tuimbe kwa nguvu zote. "Kalinzi hawawasikii!" alipiga kelele. "Tena!" Tukaimba mpaka mishipa ya shingo ikatutoka. Mle ndani Baba na Bi Tausi walikuwa wakimgeuza Mama kitandani. Sikuwahi kumsikia Mama akilia kwa maumivu, hata mara moja, na kwa miaka mingi niliwaeleza watu kwamba mama yangu aliumwa bila kulalamika.

Wiki moja tukafundishwa machela. Zuhura alichukua makasia mawili ya Baba, akayapitisha kwenye blanketi lililokunjwa kwa namna yake, akafunga kwa zile kamba. Baba mdogo, mdogo wake Baba, aliitwa aje kushika upande wa nyuma. Mgonjwa nilikuwa mimi. Walinibeba kuzunguka mpapai, kisha wakatoka nami nje, wakapita kichochoro chote hadi barabarani na kurudi, Zuhura akihesabu hatua kwa sauti na kumwonyesha Baba mdogo mahali pa kuinua makasia ili yasikwaruze ukuta. Mara ya kwanza waliniangusha kwenye beseni la nguo. Idi alicheka akagaragara, kisha akadai zamu yake.

"Hapana," alisema Zuhura. "Wewe mwepesi mno. Abebwe Asha."

Nilijiona wa maana sana. Tulirudia kesho yake na keshokutwa, kila mara mimi, kila mara njia ileile. Nilishakuwa mtu mzima, nakunja mashuka siku moja, ndipo nilipoelewa, nikakaa chini papo hapo na mashuka yangu. Mama alikuwa amekwisha sana. Uzito wake siku zile ulikuwa kama wangu.

Asubuhi ya mwisho upepo ulikuwa mkali, wa Julai, unaopeperusha mchanga wa ufukweni mpaka ndani ya uji. Filimbi haikupigwa. Nilitoka nikakuta watu uani, Baba anaongea na simu kwa sauti ya chini, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Gari lilikuwa limepatikana, lakini liliishia barabarani. Zuhura alikuwa amepiga magoti anakaza mafundo ya machela, moja baada ya jingine. Walimtoa Mama amefunikwa khanga. Zuhura akaenda kushika upande wa mbele, kama alivyozoea.

Baba akamgusa bega. "Mwanangu, achia. Nitabeba mimi na mdogo wangu. Wewe baki na watoto. Wapeleke ziwani, wasione."

"Baba, njia ninaijua mimi."

"Wapeleke ziwani, Zuhura."

Akaachia.

Tulishinda ufukweni. Zuhura alitufundisha kutambua upepo unatoka wapi kwa kulowesha kidole, na kutafuta kuni kavu chini ya zilizolowa. Idi alikanyaga kigae, ikawa nafasi ya huduma ya kwanza. Aliosha kidonda, akavua skafu yake, akaanza kukifunga mguu. Ndipo nilipomwona Bi Tausi anakuja kwa mbali, ameshika viatu mkononi, khanga inapigwa na upepo, hana haraka. Nikasema, "Bi Tausi huyo." Zuhura hakuinua kichwa. Aliendelea kuzungusha skafu, taratibu, akafunga fundo, akalivuta kuhakikisha halilegei. Bi Tausi alifika, akasimama.

"Mwana wanje," alisema, basi.

"Nimekusikia, Bi," Zuhura alijibu. Kisha akambeba Idi mgongoni, akanipa mkono, tukaenda nyumbani.

Mama alizikwa jioni hiyohiyo. Shule zilipofunguliwa, sanduku la Zuhura halikuondoka. Baba alisema aende mwezi ujao, Idi akizoea. Kisha akasema mwakani. Mimi nilishangilia. Niliona nimeshinda bahati nasibu: dada yangu anabaki nyumbani, ananisuka, ananipikia, ananikagua daftari. Mwakani haikufika. Mimi nikasoma, Idi akasoma. Leo mimi ni mwalimu, na shuleni kwangu watoto huniita mama wa skauti. Zuhura anakaa Katubuka na mumewe na wanawe, na kila sikukuu sote twaenda kula kwake, kama ilivyo kawaida ya watu kwenda kwa mama yao.

Nilitoka Kibirizi siku ile nikaenda moja kwa moja kwake. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikakaa, nikamsaidia, tukaongea ya watoto. Halafu nikamuuliza neno ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza.

"Dada, wewe uliagana na Mama lini?"

Vidole vyake viliendelea kutembea ndani ya ungo. "Aliniita asubuhi ile. Nimekwisha kuachia machela, nimeingia ndani, wao wanampitisha mlango wa nje. Aliita jina langu." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Nikamwambia, 'Ngoja, Mama, nimvalishe Idi shati, upepo mkali.' Nilipotoka, kichochoro kilikuwa kitupu."

"Hukuagana naye?"

"Nilikuwa na nyinyi, Asha."

Maisha yangu yote nimekuwa nikiwasimulia watu kwamba Mama alipofariki aliacha watoto wawili wadogo na dada yao mkubwa aliyetulea. Nimelisema neno hilo mbele ya wakwe, mbele ya wanafunzi, mpaka likawa kama shairi la kukariri. Dada mkubwa alikuwa na miaka kumi na sita. Likizo ile alipokuwa akituimbisha ili tusisikie, masikio yake yeye yalikuwa wazi, na hakuna aliyemwanzishia wimbo.

Nilimwondolea ungo mapajani. Akanitazama kwa mshangao, maana katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumpokonya kazi. Nikamvuta kichwa chake begani kwangu. Kwanza alikakamaa, akasema maharage hayajaisha, wageni wanakuja. Nikamwambia, "Nitachambua mimi." Ndipo dada yangu akalia, akamwita Mama, kwa sauti ya mtoto ambayo sikuwahi kuisikia.