Mpaka Godefroid Aseme

Katika mji wa Likasi mtu alikuwa hafi kikamilifu mpaka Godefroid aseme. Angeweza kukata roho hospitalini, akaoshwa, akavalishwa suti yake ya ndoa, lakini majirani wangeendelea kuulizana kwa kunong'ona, "Redio imesema?" Kisha jioni, baada ya nyimbo za kanisa zenye mikwaruzo, sauti nzito ya Godefroid ingepita madirishani ikitaja jina la marehemu, la mjane, la watoto kwa kufuata umri wao, na mahali pa kilio. Hapo ndipo watu walipobeba viti vyao kwenda kulia.

Alikuwa amepita miaka hamsini, mwembamba, mwenye kifua ambacho hakikufanana na sauti iliyotoka humo. Chuo kikuu alisomea uandishi wa habari akiota kuwauliza wakubwa maswali magumu. Lakini wakubwa hawakufika Likasi ila kukata utepe, na mtu aliyeshika mkasi haulizwi kitu. Godefroid akabaki na wafu, ambao angalau hawakumwamuru asome upya aya inayowasifu.

Alikuwa na kanuni moja: hasomi kifo ambacho hajaliona turubai lake. Tangazo likiletwa, alipanda baiskeli yake, kinga kama tunavyoiita, akaenda mpaka kwenye nyumba yenyewe. Kwetu turubai ndilo hati ya kifo. Likishafungwa kati ya ukuta na mparachichi, viti vya plastiki vikapangwa chini yake, wanawake wakaketi mikekani na moto ukawashwa nyuma ya nyumba, hakuna daktari wa kubisha.

"Bantu banaweza kudanganya na mudomo," alipenda kusema. "Lakini nani atafunga bâche bule?"

Aliyemcheka zaidi kwa kanuni hiyo ni Rolly, kijana wa mtaa wa Kikula aliyetengeneza vioo vya simu sokoni na ambaye, kwa wakati wake wa ziada, alikuwa ameanzisha kundi la WhatsApp lililoitwa Likasi Moto Moto. Nusu ya mji ilikuwa humo. Kundi lilitoa bei ya mahindi, maombi ya miujiza, mkuu fulani kufukuzwa kazi, mkuu yuleyule kupandishwa cheo, yote kabla ya kifungua kinywa.

"Papa Godefroid," Rolly alimwita kila alipopita, "weye ungali unatembeza habari na kinga? Ile pneu itapasuka, bantu bataacha kufwa!"

"Batakufwa tu," Godefroid alijibu bila kushuka. "Na weye utabaua mara mbili."

Akiwa peke yake, hata hivyo, maneno yale yalimchoma. Zamani habari ilitembea kwa miguu, ikifika imechoka, na uchovu wake ndio uliokuwa ushahidi. Siku hizi inafika haijatoka jasho, wakati mwingine inalitangulia tukio lenyewe na kulisubiri barabarani.

Asubuhi moja Rolly alituma picha ya lori lililopinduka kwenye barabara ya Lubumbashi. Picha hiyo ilikuwa imekwisha kuua madereva watatu tofauti mwaka uliopita, lakini kundi halina kumbukumbu. Chini yake aliandika: "Assani wa lori ya buluu, tumemupoteza. Repose en paix."

Assani alikuwa dereva, Mwislamu wa Kikula, mtu mpole aliyebeba mahindi kutoka Kapolowe. Mke wake, Binti, alimpigia simu. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena, kisha akaketi chini akapiga yowe. Kabla yowe halijaisha, majirani wawili walikuwa tayari juu ya ukuta wakifunga kamba za turubai.

Tangazo likaletwa redioni. Godefroid, mwaminifu kwa kanuni yake, alipanda baiskeli. Aliona turubai. Aliona viti, mikeka, moto, sufuria kubwa la wali, na Binti aliyefunikwa kichwa akiyumba kama mtu anayebembeleza mtoto. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Maiti iko wapi?" Akaambiwa, "Iko mu njia, inakuya." Akainamisha kichwa, akarudi, na jioni ile akamsoma Assani kwa sauti yake nzuri kuliko zote.

Hakuuliza turubai limetoka wapi. Angeuliza, wangemjibu kwamba kila mmoja alikuwa ameisoma habari kundini. Kundi lilileta turubai, turubai likamleta Godefroid, na Godefroid akaleta ukweli.

Kesho yake asubuhi maiti ilifika ikiendesha lori lake yenyewe. Lilikuwa limeharibika karibu na Kapolowe, na betri ya simu ilikuwa imekwisha. Alipoteremka wanawake walikimbia, mzee mmoja akaruka ukuta bila kuhitaji fimbo yake. Baadaye walirudi, wakamgusa, wakacheka mpaka wakalia, na Assani akala wali wa msiba wake akisema una chumvi nyingi.

Rolly alifuta ujumbe wake, akabonyeza "futa kwa wote", na kosa likatoweka duniani. Kisha akaandika ujumbe mpya: "Tunaomba redio zichunguze habari mbele ya kutangaza." Watu mia mbili wakampongeza kwa vidole gumba.

Godefroid alikwenda Kikula kuomba radhi. Assani hakumkasirikia. Alikuwa na shida nyingine: mama yake, Mama Aicha, aliishi peke yake Buluo, pembeni ya mji, macho yakiwa yamefunikwa na ukungu wa uzee. Hakuwa na simu. Alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, na jioni ile alikuwa ameisikia.

"Nilienda kwake, akafunga mulango," Assani alisema. "Hakule, hakunywa. Anasema minye ni muzimu. Papa, twende na weye. Weye njo ulisema."

Wakapanda lori. Mlango wa Mama Aicha ulikuwa na komeo kwa ndani. Mabinti wa jirani walikuwa wameacha kikombe cha uji kizingitini, nzi wakakirithi.

"Mama, ni minye Assani! Fungua!"

"Bale balikufwa banajua kuiga sauti," ilijibu sauti kavu kutoka ndani. "Rudia kwako kwa amani, mutoto wangu. Nitakufuata."

Godefroid alisogeza mdomo kwenye ufa. "Mama, ni minye, Godefroid wa redio. Nilikosa. Assani iko muzima, iko hapa pembeni yangu."

Kukatoka kicheko kidogo cha dharau.

"Weye? Godefroid iko mu redio. Ana sauti ya mukubwa. Weye uko na sauti ya muntu ya njaa."

Hakukuwa na la kufanya ila Godefroid kurudi mjini, aseme redioni. Assani alibaki ameketi mlangoni, kwa sababu mama wa umri ule hamalizi siku nyingi bila maji.

Mkurugenzi wa redio, Blaise, alikuwa kijana mwenye viatu vyenye ncha kali. Redio alikuwa ameirithi kwa baba yake, pamoja na ubao wa ukutani ulioandikwa "Kwa Huduma ya Wote". Alimsikiliza Godefroid akiwa anatelezesha kidole juu ya simu.

"Papa Godefroid, redio haijikosoe. Serikali inajikosoaka? Askofu anajikosoaka? Tukisema tulikosa leo, kesho bataanza kuuliza na ya juzi."

"Patron, mama iko anakufwa na njaa."

"Basi akifwa, tutatangaza." Blaise aliona haya kidogo, akaongeza upesi, "Ni mizaha. Lakini ona: kifo ya Assani, ku page yetu, ilipata ma-like kupita habari zote za mwezi. Nani atapenda habari ya muntu hakufwa? Iko mu rubrique gani? Tuko na vifo, ndoa na bintu bilipotea. Wazima hawana rubrique."

"Nitamuweka mu bintu bilipotea."

"Ukimusoma, kesho Carine, ule mutangazaji mupya, njo atashika saa yako. Iko na sauti ya muzuri na anasoma moja kwa moja mu telefone. Hahitaji hata kinga."

Godefroid alitazama ubao ukutani. Alifikiri juu ya chumba kile kidogo chenye harufu ya vumbi na nyaya zilizopata moto, mahali pekee duniani ambapo alikuwa mtu mkubwa. Kisha saa ikafika, akaingia, akavaa visikilizio.

Alisoma vifo vya siku ile. Alitangaza mbuzi mweusi aliyepotea Kikula na kadi ya mpiga kura iliyookotwa kituo cha mabasi. Kisha, bila karatasi, akasema: "Mama Aicha wa Buluo. Mutoto wako Assani hakufwa. Ni minye Godefroid nilikosa. Niliona bâche, sikuona muntu. Fungua mulango, ule muntu ya inje ni wako."

Blaise alikuwa tayari amesimama mlangoni pa studio. Alitikisa kichwa kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa na mwashi aliyeijenga. Kisha yeye mwenyewe akaweka wimbo.

Simu ya studio ikalia. Ilikuwa Assani, nyuma yake pakisikika vishindo vya majirani.

"Papa, alifungua! Alinipiga na mwiko, sasa anakunywa chai." Akasita. "Lakini anauliza kitu. Anauliza: na baba? Kama ulikosa kwangu, na baba labda ulikosa?"

Baba yake Assani, Haruna, fundi wa reli, alikuwa amezikwa siku nyingi, katika mvua kubwa, na Godefroid ndiye aliyemsoma.

"Mwambie hapana. Mwambie nilikuwa ku makaburi."

Kukasikika maneno upande wa pili. Assani alirudi akiwa mnyonge. "Anasema usimujibu mu telefone. Umujibu mu redio. Alifungua mulango, anangojea."

Godefroid alimtazama Blaise. Blaise alitazama viatu vyake, kisha, labda kwa huruma, labda kwa kuwa saa ile ilikuwa ya mwisho kwa Godefroid hata hivyo, akanyoosha mkono akapunguza wimbo.

"Mama Aicha," Godefroid alisema karibu sana na kipaza sauti, "papa Haruna nilimuona na macho yangu. Nilimutupia udongo na mukono wangu. Ule, mama, alikufwa."

Kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuzima, ili mtu aliye mbali apate nafasi ya kuketi.